Sekunde Zilizoshonwa

Sauti ya mwanamke ilikuwa inasimulia habari za mtoto aliyezaliwa chomboni pale ilipokatika. Haikufifia wala kukwaruza. Ilikatika tu, ikaruka kitu, ikaendelea.

"Na jina tumempa la—"

Kimya.

"—wa kule nyumbani. Amelipokea vizuri, halii."

Nakundwa Mmbaga aliinua macho kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye orodha ya makosa mstari mwekundu mwingine ulikuwa umeongezeka: sauti imepotea, sekunde moja na nusu. Ulikuwa wa kumi na nne Jumamosi hiyo, na ndiyo kwanza duru ilikuwa imeanza. Alikuwa na wiki tatu tu kazini.

Kituo cha Kusikiliza kilikuwa mgongoni mwa mlima, juu ya mashamba ya tangawizi ya Upare, mahali ambapo ukungu hupanda mchana na kuzifunika sahani za antena mpaka zikabaki kama mabakuli meupe yasiyo na miguu. Kazi yake ilikuwa moja. Miaka sita nyuma chombo kilichoitwa Kozi kiliondoka na watu mia mbili na kumi, safari isiyo na kurudi. Sasa kilikuwa mbali kiasi kwamba sauti ilichukua siku kumi na moja kufika. Kila baada ya miezi mitatu ilifanyika duru ya kusikiliza: watu saba kwa siku, sekunde arobaini kila mmoja, kwa siku thelathini. Dakika chache tu kila alasiri, kuanzia saa tisa na robo, na kilichopita hakikurudiwa. Na duru hii ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo Kozi kingekuwa kimevuka upeo wa antena, nao wasingekisikia tena, wala chenyewe kisingewasikia.

Ndiyo maana Nakundwa aliacha kazi yake ya redio mjini Same akaomba hii. Mdogo wake, Nanzia, alikuwa kwenye Kozi. Mama yao alifariki Nanzia akiwa na miaka minne, na Nakundwa ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamsainia fomu za shule, na mwishoni akamsindikiza mpaka kwenye geti la kuondokea. Zamu ya Nanzia ilikuwa Jumanne. Nakundwa alitaka sauti hiyo ya mwisho ipite mikononi mwake.

Saa kumi kamili ndugu waliokuwa wakingoja ukumbini walichezewa ujumbe wao. Nakundwa alisimama mlangoni akiona aibu mapema, akijua mama wa yule mwanamke atasikia pengo. Pengo halikuwapo.

"Na jina tumempa la bibi yake wa kule nyumbani," ilisema sauti, laini, bila mshono. "Amelipokea vizuri, halii."

Mama yule alishika kifua. "La kwangu! Jamani, wamempa jina langu!" Watu wakampigia vigelegele.

Nakundwa alirudi chumbani mwake akakaa. Yeye alikuwa ameisikia ikiingia. Neno hilo halikuwapo.

*

Jumapili alibadilisha nyaya zote kuanzia kwenye antena hadi kwenye kadi ya sauti. Mapengo yakabaki. Akaongeza bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambayo sauti hutua kwanza kabla ya kuandikwa kwenye diski. Mapengo yakapungua idadi, lakini yakawa marefu zaidi. Hapo akajua kosa haliko kwenye sauti kuingia. Liko kwenye kuandikwa. Bafa ni ndoo chini ya bomba na diski ni pipa: kama mwenye kumimina pipani anachelewa, ndoo kubwa huchelewa kujaa tu, lakini ikijaa humwaga mengi kwa mpigo. Na kituo hakikurekodi sauti peke yake. Kilirekodi mawimbi yote mabichi yaliyofika, kwa hiyo bomba lilikuwa na nguvu.

Jumatatu asubuhi aliipima diski. Ilikuwa ya zamani, ya sahani inayozunguka, lakini nzima. Iliandika megabaiti mia moja na hamsini kwa sekunde bila kusita. Alasiri, Kozi kilipoanza kusikika, akaipima tena. Megabaiti nne.

"Asubuhi unakimbia, alasiri unachechemea," aliiambia. "Nani anakukalia mgongoni?"

Kompyuta za kituo ziliendeshwa kwa Linux, nayo Linux haifichi mambo kwa anayejua kuuliza. Aliita orodha ya programu zinazotumia diski, akaipanga kwa ulafi. Programu yake ya kurekodi ilikuwa ya pili, ikipata makombo. Juu yake kulikuwa na nyingine ambayo hakuiweka yeye, yenye kipaumbele cha juu kuliko kitu chochote kituoni. Jina lake lilikuwa Mshonaji.

Aliichungulia kwa dakika zilizobaki. Kila msafiri alipoanza kusema, Mshonaji alikimbilia kwenye hazina, akasoma rekodi zote za zamani za msafiri yuleyule, miaka na miaka, akijifunza sauti yake. Diski ina kichwa kimoja cha kusomea na kuandikia. Kilipokuwa kwenye sauti za zamani, sauti mpya ilisubiri kwenye ndoo. Ndoo ikamwagika.

*

Mkuu wa kituo, Bwana Senkoro, alikuwa mtu mpole, mwenye nywele nyeupe na sweta la kijivu asilolivua. Alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai.

"Mshonaji ni wangu," alisema. "Nilimweka miaka mitatu iliyopita. Baraza linajua."

"Ndugu wanajua?"

"Mama Mmbaga, ngoja nikwambie. Mwaka wa tatu sauti ya kijana mmoja ilikatika kwa sababu ya dhoruba za jua. Alikuwa anasema, 'Mama, daktari ameniambia nina,' basi, ikaishia hapo. Mama yake alikaa kwenye benchi lile pale nje akaniuliza, 'Ana nini?' Nikamwambia tusubiri miezi mitatu. Alikufa mwezi wa pili, hajui mwanawe ana nini. Ilikuwa mafua." Aliweka kikombe chini. "Nikaapa sitamwona tena mzazi akitoka mlangoni kwangu na shimo moyoni. Mshonaji anamjua mtu. Anakisia neno ambalo mtu huyo angelisema. Mara nyingi anapatia."

"Mara nyingi ni ngapi?"

"Hatuna namna ya kujua."

"Mkuu, mapengo ya dhoruba yalikuwa mawili matatu kwa mwaka. Leo peke yake yamekuwa kumi na moja, na jua limetulia. Mshonaji ndiye anayeifanya diski ichelewe. Anatoboa, halafu yeye mwenyewe anatia kiraka."

Uso wa Senkoro ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba dawa aliyomnywesha mtoto wake ndiyo iliyomlaza kitandani.

"Mzime wakati wa kupokea," alisema hatimaye. "Duru hii iingie nzima. Lakini yaliyopita yameshapita. Watu hawa hawaji hapa kutafuta ukweli, fundi. Wanakuja kutafuta watoto wao."

"Na sisi tumekuwa tukiwapa nani?"

Senkoro alimwomba tu asilifungue daftari la viraka, ambamo Mshonaji aliandika kila neno aliloshona.

*

Alilifungua Jumanne asubuhi.

Alijiambia anataka kuhakikisha Mshonaji amezimika vizuri. Lakini vidole viliandika jina la Nanzia. Katika miaka mitatu ujumbe wa mdogo wake ulikuwa umefika mara kumi na mbili, na mara tisa kati ya hizo ulikuwa na viraka. Vingine vilikuwa vidogo, kiungo cha sentensi hapa na pale. Kisha akafika kwenye miisho. Mara tano za karibuni Nanzia alimaliza kwa maneno yaleyale: "Nakukumbuka, dada." Nakundwa aliyajua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Aliyasikiliza akipika, akipiga pasi, akiugua malaria peke yake mwaka uliopita.

Yote matano yalikuwa kiraka. Nanzia alikuwa ameyasema mara moja tu, mwaka wa kwanza. Mashine ikayaokota pale, ikawa inayatoa kila ilipokosa cha kusema.

Saa tisa na robo aliizuia kila programu isiyohitajika. Akaipa ya kurekodi kipaumbele cha kwanza, akaihamishia kwenye diski mpya isiyosomwa na mtu. Zamu ya tatu ilipoingia, alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Dada," ilisema sauti ya Nanzia, nene kidogo. "Nimeng'olewa jino. Lile la mbele, ulilokuwa unanipaka mafuta ya karafuu. Daktari ana homa, kwa hiyo aliyening'oa ni fundi bomba, na usicheke, ana mikono myepesi kuliko daktari. Nimelia mpaka wakaja watu wa ghorofa ya chini. Sasa nina dirisha humu ndani. Nikipiga mluzi unatoka kombo. Sikiliza, sikiliza—"

Mluzi ukaja, mwembamba, ukipotoka njiani kama mtoto anayejifunza baiskeli. Nanzia akaanza kuucheka mwenyewe. Sekunde arobaini zikaisha.

Hakuna mstari mwekundu. Hakuna kilichopotea. Hakusema kwaheri wala hakusema anamkumbuka. Alijua ni mara ya mwisho, wote walijua, na akachagua kupiga mluzi.

Nakundwa aliucheza ujumbe ule mara kumi, na kila mara alilia mahali tofauti. Lakini ulikuwa wa Nanzia, wote, hata pumzi iliyopita kwenye pengo la jino. Baadaye akajaribu kusikiliza ujumbe mmoja wa zamani, akashindwa kufika mwisho wake.

*

Mzee Yonazi Kiangi alimjia Nakundwa Jumatano. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye koti lililopigwa pasi mpaka mikono yake ikawa na makali. Mwanawe Eliakimu alipangiwa zamu ya mwisho kabisa ya duru, siku ya thelathini, lakini mzee alikuwa akipanda mlima kila siku na kukaa ukumbini kusikiliza watoto wa wenzake.

"Binti yangu," alimwambia Nakundwa, "nina ombi. Ule ujumbe wa mwaka juzi, ule ambao mwanangu alinisamehe. Nataka nakala safi. Nikifa wauweke masikioni mwa watu pale kaburini, wajue tulipatana."

Nakundwa alimvutia kiti. "Mligombana, baba?"

"Mimi ndiye niliyegombana. Siku anaondoka nilisimama uani nikamwambia, ukipanda kitu hicho, mimi sina mwana. Mbele ya mama yake. Miaka minne alikuwa anamsalimia mama yake tu. Mama akafariki. Nikasema basi, sasa hatasema na mtu. Ndipo ukaja ule." Macho yake yalilainika. "'Baba, nimekusamehe. Nakukumbuka sana.' Nikarudi nyumbani nikalala kama mtoto."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mvua zimenyesha. Nikamwambia nyumba nimeiezeka upya. Ningemwambia nini tena? Mtu akishakusamehe, unamwomba msamaha wa nini?"

Nakundwa alitazama kalenda ukutani. Ujumbe wa mwisho wa kwenda ulikuwa unarushwa Ijumaa. Siku kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Neno lililosemwa Ijumaa lingemfikia Eliakimu siku moja kabla ya zamu yake ya kusema. Baada ya Ijumaa hakuna neno la baba yake ambalo lingemfikia tena, milele.

Angeweza kunyamaza. Alimtazama mzee, koti lake, mikono iliyotulia magotini. Ilikuwa amani ya kweli, hata kama ilijengwa juu ya kitu cha uongo, na yeye alikuwa nani wa kuibomoa? Alifikiria jinsi ambavyo Senkoro angesema. Akafikiria pia kijana huko mbali, miaka miwili akisubiri neno moja, akiletewa habari za mvua na mabati.

Alilitafuta faili bichi.

"Baba, nina jambo la kukuambia, na ni zito. Nisikilize hadi mwisho ndipo unitukane."

Alimweleza kila kitu: diski, ndoo inayomwagika, Mshonaji. Kisha akamchezea sauti kama ilivyofika.

"Baba, ni—"

Kimya cha sekunde mbili.

"—sana."

Mzee Yonazi aliomba irudiwe. Akaomba tena.

"Katikati pana nini?"

"Hapana kitu. Kilimwagika. Anayejua ni yeye peke yake."

"Kwa hiyo yaweza kuwa nimekusamehe."

"Yaweza."

"Na yaweza kuwa nimekuchukia. Nimekuchukia sana."

"Yaweza kuwa nimechoka sana, baba. Nimefurahi sana. Sijui. Hakuna ajuaye."

Mzee alisimama taratibu, akishika ukingo wa meza. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa nimebakiza kufa tu," alisema. "Ulikuwa na haja gani?"

"Bado kuna Ijumaa," alijibu Nakundwa. "Baada ya hapo hakuna."

Alitoka bila kuaga. Dirishani Nakundwa alimwona akishuka njia ya tangawizi, akisimama kila baada ya hatua chache, mpaka ukungu ukamchukua.

Jioni hiyohiyo alikwenda kumwambia Senkoro alichofanya. Hakutaka alisikie kwingine. Mkuu alikaa akiutazama mkono wake juu ya meza.

"Duru ikiisha, utaondoka kituoni," alisema.

"Sawa, mkuu."

"Na ndugu wengine?"

"Mimi nikiwa hapa, anayeniuliza nitamjibu."

*

Ijumaa watu walipanga foleni mbele ya maikrofoni tangu asubuhi. Walisema mambo ya kawaida, kwa haraka, wakitazama saa ukutani: nani ameoa, ng'ombe yupi amezaa, kula vizuri, usisahau kusali. Wengine walishindwa wakalia sekunde zote. Nakundwa aliwahesabia chini kwa vidole. Mzee Yonazi hakuwapo. Ilipofika saa tisa zikabaki nafasi chache tu, kisha moja.

Mzee aliingia akitweta, koti limekunjamana, kifungo kimoja kimekosea tundu. Alikaa, akaisogeza maikrofoni kama mtu anayesogeza taa.

"Eliakimu," alisema. "Ni baba yako. Siku ile nilisema sina mwana. Nilijua nimekosea kabla hujafika barabarani, nikashindwa kukuita kwa sababu ya kiburi. Mama yako alinilaumu mpaka anakufa, na alikuwa na haki. Sikuwahi kukuomba. Sasa nakuomba. Nisamehe, mwanangu."

Zilibaki sekunde kumi na mbili. Hakuzitumia. Alikaa tu mpaka taa nyekundu ikazimika, kisha akamwangalia Nakundwa.

"Imeenda?"

"Imeenda, baba."

*

Jumapili ya siku ya thelathini ukumbi ulijaa hata watu ambao zamu zao zilikuwa zimepita. Katika wiki zile baadhi yao walikuwa wamesikia fununu na kumfuata Nakundwa kumuuliza, naye akawajibu. Wengine walitaka kujua kila neno. Bibi wa yule mtoto aliyezaliwa chomboni alisikiliza pengo mara moja, akasema kwamba yeye ataendelea kuamini mtoto ana jina lake, na kwamba hakuna mashine wala fundi atakayemkataza. Wengine hawakuuliza kabisa, wakampita kwa mbali.

Mzee Yonazi aliomba kusikiliza mle chumbani, moja kwa moja, bila kungoja saa kumi. Senkoro mwenyewe alimletea kiti, akasimama nyuma yao na sweta lake, mikono kifuani.

Mawimbi yalikuwa dhaifu. Wasafiri sita wa kwanza walisikika kama wanaosemea ndani ya mtungi. Kisha ikawa zamu ya Eliakimu.

Sekunde tano zikapita. Kumi. Palikuwa na mvumo hafifu wa chombo, na chini yake pumzi ya mtu.

"Mashine imekatika?" mzee alinong'ona.

Nakundwa alitazama orodha. Ilikuwa safi, haina mstari hata mmoja. Diski ilikuwa inaandika bila kusita, sekunde baada ya sekunde.

"Haijakatika, baba. Ni yeye. Amenyamaza."

Mzee alifumba macho. Midomo yake ilianza kutetemeka, na Nakundwa hakujua kama atalia, mpaka alipoona kwamba anatabasamu.

"Alikuwa hivyohivyo tangu utoto," alisema kwa sauti ya chini sana. "Ukimgusa palipouma, hasemi. Anakaa kwenye ngazi ya jikoni, anapumua tu. Mama yake alikuwa anakaa naye pale mpaka aamue. Mimi sikuwahi kuwa na subira."

Sekunde ishirini na tano. Thelathini. Nyuma yao Senkoro aliweka mkono kwenye ukuta. Hakuna aliyesogea.

Sekunde ya thelathini na saba Eliakimu alisafisha koo.

"Nimesikia, baba," alisema.

Kisha mvumo wa chombo ukazama, na kwenye vipaza sauti ikabaki sauti ya anga tupu, kama mvua ndogo juu ya bati. Nakundwa aliiacha iendelee kurekodiwa. Mzee Yonazi alikuwa ameinamia mbele, sikio lake karibu kabisa na kipaza sauti, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

"Ndiye," alisema. "Huyu ndiye."